Kupima endotoksini kwenye damu ya mgonjwa wa sepsisi kali

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi wa uzamili hapa Mombasa. Kila sampuli yake ilitoa majibu ya juu, hata damu ya watu wazima wenye afya. Wagonjwa hawakuwa na makosa. Karibu kila kitu maabarani kina endotoksini yake, na hapo ndipo kazi hii inaposhindwa.

Endotoksini ni sehemu ya utando wa nje wa bakteria wa Gram hasi, kama E. koli na Klebsiella. Bakteria wa Gram chanya, mfano Stafilokoka, hawana. Na tafadhali, asiwepo wa kumchelewesha mgonjwa kwa ajili ya kipimo hiki. Sepsisi, yaani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima, ikishaporomosha shinikizo la damu, antibayotiki zianze ndani ya saa moja.

Hatua ya 1: Vyombo na maji

Otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu) ya nyuzi 121 inaua bakteria, lakini endotoksini yao inabaki palepale. Tumia vioo vilivyokaushwa kwenye oveni kavu ya nyuzi 250 kwa angalau dakika 30. Maji yawe yale yaliyothibitishwa kuwa hayana endotoksini. Maji ya mashine ya kuchuja, hata kama imeondoa chumvi yote ya kisima cha Kisiwani, hayatoshi.

Hatua ya 2: Kutoa damu

Chupa iwe ya heparini isiyo na endotoksini. EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, hunasa madini ambayo kitendanishi (kile kinachogundua endotoksini, tazama Hatua ya 4) kinayahitaji. Toa kwenye mshipa mpya, usivute kwenye mpira uliokaa mshipani siku kadhaa. Andika saa ya kutoa damu na saa ya dozi ya mwisho ya antibayotiki, kwani baadhi ya dawa hupasua bakteria na kumwaga endotoksini zaidi. Weka kwenye barafu mara moja. Sampuli ya kutoka Likoni ivuke feri ndani ya kisanduku cha baridi, si mfukoni mwa koti.

Hatua ya 3: Kuandaa plazma

Hapa usiharakishe. Protini za plazma, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, hushika endotoksini na kuificha, na nyingine huingilia kitendanishi moja kwa moja. Ukipima plazma ghafi, mgonjwa mahututi anaweza kuonekana hana kitu.

Zimua kwanza, sehemu moja ya plazma kwa tisa za maji, ndipo upashe moto nyuzi 75 kwa dakika 10. Ukigeuza mpangilio, plazma itaganda kama ute wa yai na hutapata cha kupima. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye beseni la maji moto. Tia kipimajoto ndani ya chupa ya majaribio yenye ujazo uleule. Ikishapoa, itikise kwa nguvu, maana endotoksini hung'ang'ania kuta za chombo.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka. Gawa sampuli ya kila mgonjwa mara mbili, na nusu moja uitie kiasi unachokijua cha endotoksini, tuseme uniti 0.5 kwa mililita. Kipimo kirudishe kati ya asilimia 50 na 200 ya ulichotia. Kikirudisha chini ya hapo, plazma bado inaficha, kwa hiyo zimua zaidi, 1 kwa 20 au 1 kwa 50. Lakini kila ukizimua unapoteza uwezo wa kuona kiasi kidogo: kitendanishi kinachofika uniti 0.005 kitaona kuanzia 0.05 tu kwenye plazma iliyozimuliwa mara 10. Fanya hivi kwa kila mgonjwa. Plazma ya mwenye manjano si sawa na ya jirani yake wa kitanda, na rangi yake, kama ile ya damu iliyopasuka, huvuruga usomaji wa nanomita 405. Weka kisima (kishimo cha sahani ya kupimia) cha plazma hiyo bila kitendanishi ili uitoe rangi hiyo kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Kitendanishi

Kile cha zamani, LAL, hutokana na damu ya Limulus, mnyama wa pwani ya mashariki ya Marekani, wala si kaa wetu wa mikoko ya Tudor. Kasoro yake ni kwamba huitikia pia beta-glukani, sukari ya kuta za kuvu, hivyo kuvu aina ya Kandida kwenye damu, au hata pamba, itakudanganya. Mimi nachagua faktori C ya kutengenezwa (protini ya Limulus inayotambua endotoksini, iliyotengenezwa maabarani), mradi una mashine ya kusoma mwanga wa floresensi. Ukibaki na LAL, ongeza kizuizi cha beta-glukani.

Hatua ya 5: Kusoma

Endotoksini sanifu, ile ya kiasi kinachojulikana ya kulinganishia, itikise dakika 15 kabla ya kuizimua. Kila kisima mara mbili, nyuzi 37, na mashine iwe kwenye betri ya akiba: umeme ukikatika katikati, sahani nzima imekwenda.

Ukiwa na kifaa cha EAA

Hiki (kifupi cha Endotoxin Activity Assay) hupima damu nzima kupitia chembe nyeupe, na hapa EDTA ndiyo inayotakiwa. Pima ndani ya saa 3. Chini ya 0.4 ni kidogo, 0.6 na zaidi ni juu. Usimwahidi daktari kwamba namba hiyo inaelekeza tiba. Utafiti wa EUPHRATES, uliochapishwa 2018, ulichagua wagonjwa wa 0.6 na zaidi, na kusafisha damu yao kwa polimiksini B, dawa inayonasa endotoksini, hakukupunguza vifo vya siku 28.

Kwenye ripoti ya LAL au faktori C andika uniti kwa mililita, kiwango cha kuzimua, asilimia iliyorudi na saa ya damu. Majibu yasiyo na asilimia hiyo mimi siyatii sahihi.