Kumsaidia Mtoto wa Kuasili au wa Malezi ya Kambo Kupata Marafiki

Mtoto anayetoka makao ya watoto na kuingia katika familia, iwe kwa malezi ya kambo (kulelewa na familia bila kuwa mtoto wao kisheria) au kwa kuasiliwa (kufanywa mtoto wao kisheria) chini ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, anaweza kusumbuliwa na urafiki kuliko masomo. Usimsukume kwenye kundi kubwa. Mwalike mtoto mmoja wa jirani, siku ileile kila wiki, wacheze mdako kwa muda mfupi ukiwa karibu, kwa sababu mtoto aliyezoea watu kuja na kuondoka hujenga imani anapoona sura ileile ikirudi.

Kabla hajaulizwa wazazi wake halisi wako wapi, fanyeni mazoezi ya jibu fupi analolichagua mwenyewe, kwa mfano: “Hawa ndio wazazi wangu, mengine ni ya nyumbani.” Historia hiyo ni yake, hivyo usiwasimulie majirani hata kwa nia njema.

Mwone mwalimu wa darasa mapema, umwombe asimwite “mtoto wa kituo” mbele ya wenzake, na awe mwangalifu na kazi za kuchora ukoo, ambazo zaweza kumwacha ameinamia karatasi tupu wenzake wakichora.

Marafiki wa makaoni wasikatwe ghafla, maana wengine amekua nao kama ndugu. Panga na ofisa ustawi wa jamii namna ya kuwatembelea. Akionewa, msikilize kwanza, kisha mwone mwalimu mkuu, na uonevu ukiendelea piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.