Mkanda wa umeme au dumu la maji?

Wateja wangu wengi hapa Kirumba, Mwanza, ni kina mama wa soko la Mwaloni, wauza dagaa, magoti yanauma na presha iko juu. Siku hizi wananionyesha kwenye simu tangazo la mkanda wa umeme: jifunge tumboni, washa, angalia tamthilia yako, kitambi kinaondoka. Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, na mashine ya namna hiyo ninayo. Jibu langu halibadiliki: mama, anza na dumu.

Mashine hiyo inapitisha umeme mdogo kwenye pedi hadi kwenye neva, msuli unajikaza wenyewe. Namwekea aliyepasuliwa goti, paja limenywea na halitii. Hapo inasaidia kweli. Ila kukazwa misuli ukiwa umelala hakuunguzi mafuta ya kutosha kupunguza uzito, na mafuta yenyewe ni mpitishaji mbaya wa umeme. Tumbo likiwa nene, utaongeza nguvu mpaka ngozi iwashe ndipo msuli uguswe. Wauzaji hilo hawalisemi.

Sasa mazoezi. Tafuta kiti kigumu, kiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, miguu ipanuke sawa na mabega, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha sukuma ardhi usimame. Kushuka ndiko kwenye kazi: hesabu moja hadi nne, usijibwage kama gunia. Magoti yasiingiane. Kiti kikiwa kifupi kwako, ongeza mto. Na usibane pumzi, hasa mwenye presha. Toa pumzi unaponyanyuka. Fanya mara 8, pumzika, rudia. Ukifika 12 bila taabu, kumbatia dumu la lita 5 lenye maji. Hizo ni kilo 5. Baadaye la lita 10.

Ongeza kusukuma ukuta kwa mikono, na kutembea uani na dumu kila mkono, mgongo wima. Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, zisifuatane. Shirika la Afya Duniani linataka pia angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, basi shuka daladala mapema utembee. Wa Mabatini mlioko juu mlimani, ngazi za mawe msizifanye zoezi kama goti bado bovu. Kuteremka kunaliumiza kuliko kupanda.

Mizani isikutishe. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata kilo zisiposhuka, na mwenye kisukari atauona utofauti kwenye kipimo. Kilo zinashukia kwenye sahani: punguza bonge la ugali, dagaa ongeza, wa kuchemsha lakini, siyo wanaoogelea kwenye mafuta.

Bado unautaka mkanda? Mwenye betri ya moyo iliyopandikizwa mwilini, mjamzito na mwenye kifafa wasiuguse. Wengine muanze na nguvu ndogo, dakika chache, maana kuzidisha siku ya kwanza kunaweza kuvunja misuli na kuumiza figo. Misuli ikiuma kupita kiasi na mkojo ukatoka rangi ya soda ya kola, usingoje kesho, nenda hospitali.