Namna ya Kuandaa Mada Kuhusu Lord Salisbury kwa Wasikilizaji wa Moshi

Mwalimu wa historia au mwanafunzi wa kidato cha sita anayetaka kueleza maisha ya Robert Gascoyne-Cecil, markizi (cheo cha kikabaila) wa 3 wa Salisbury, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, mbele ya wasikilizaji wa Moshi, asianze na mwaka wa kuzaliwa. Aanze na ramani ya Afrika Mashariki, penseli na rula. Rula iwekwe kuanzia mlango wa mto Umba, kaskazini ya Tanga, hadi pale mpaka unapokutana na Ziwa Victoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, kisha mstari uchorwe moja kwa moja. Mstari huo utapita karibu sana na mji wa Moshi, na Kibo na Mawenzi, vilele vya Mlima Kilimanjaro, vitabaki upande wa Kenya. Mpaka halisi haufuati njia hiyo: ukifika Ziwa Jipe unapinda kaskazini, unapita kati ya Taveta na Holili, unauzunguka mlima kwa upande wa Rombo na Tarakea, halafu unanyooka tena. Kona hiyo ilitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani yaliyokamilika Novemba 1886, na Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa Salisbury.

Hapo lazima mtu atauliza kuhusu zawadi ya siku ya kuzaliwa, kwa maana wengi huku Kilimanjaro wamesikia kwamba Malkia Victoria alimpa mlima mjukuu wake, Kaiser Wilhelm. Usiikwepe hadithi hiyo wala usimcheke muulizaji. Mjibu kwa tarehe. Wilhelm wa 2 alishika ufalme Juni 1888, ilhali mpaka ulikuwa umekubaliwa tangu 1886, enzi za babu yake, Wilhelm wa 1.

Ukishaiondoa hadithi, weka sababu mahali pake. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa kwa Mangi (mtawala wa Wachagga) Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, na akapata mikataba Taveta. Mwaka 1885 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Jenerali Mathews kuwataka wamangi wamtambue Sultani huyo, na muda mfupi baadaye Mjerumani Carl Jühlke akapata mkataba kwa Rindi huyohuyo. Kwa maoni yangu, Rindi ni mwanasiasa wa pili wa mada hii, naye apewe dakika zake. Uingereza, iliyokuwa imeikalia Misri tangu 1882 na kusumbuliwa na Ufaransa kwa sababu hiyo, ilimhitaji Bismarck, Kansela wa Ujerumani. Kwa hiyo haikuwa tayari kugombana naye kwa ajili ya mlima. Taveta ikaenda kwa Waingereza, Uchagga ukaenda kwa Wajerumani. Hata hivyo usiseme kwamba Salisbury ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje siku hizo: wizara hiyo ilikuwa chini ya Lord Iddesleigh, na Salisbury aliichukua Januari 1887, akaishika pamoja na uwaziri mkuu.

Baada ya hayo ndipo urudi nyuma, na hapo majina huwachanganya wengi. Alizaliwa Hatfield tarehe 3 Februari 1830, akaitwa Lord Robert Cecil. Kaka yake alipofariki mwaka 1865 akawa Viscount Cranborne. Baba yake alipofariki mwaka 1868 akarithi umarkizi na kuhamia Baraza la Malodi, yaani bunge la juu la Uingereza, ambako wakati huo wengi waliingia kwa ukoo na si kwa kura. Andika majina hayo matatu ubaoni pamoja na miaka yake. Mambo ya shuleni Eton, ambako alionewa na wenzake mpaka baba yake akamwondoa, yapite haraka. Ndoa yake ya mwaka 1857 isipitwe, kwa sababu alimwoa Georgina Alderson, binti wa jaji, baba yake akiwa hataki, na kabaila huyo akalazimika kujiongezea kipato kwa kuandika magazetini. Eleza pia kwamba mwaka 1867 alijiuzulu uwaziri kwa kupinga sheria ya kuwaongezea watu haki ya kupiga kura.

Alikuwa Waziri Mkuu mara tatu, kwa zaidi ya miaka 13 jumla: 1885 hadi 1886, 1886 hadi 1892, na 1895 hadi 1902. Katika kipindi cha pili, tenga muda wa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ambao Ujerumani ilipewa kisiwa kidogo cha Heligoland, na Uingereza ikaachiwa Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wake. Mwaka huohuo Salisbury alitania hadharani kwamba wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawiana milima, mito na maziwa bila kujua hasa viko wapi. Msomee msikilizaji maana hiyo huku ramani ikiwa bado mezani.

Swali la Mangi Meli nalo litakuja. Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, Salisbury akiwa bado Waziri Mkuu London. Hukumu ile haikuwa yake na asibebeshwe. Anachohusika nacho ni makubaliano ya 1886, yaliyoiweka Moshi mikononi mwa Wajerumani walioitoa hukumu hiyo.