Kumhudumia mzee nyumbani bila kumnyang'anya kazi yake

Mzee ninayemhudumia hapa Bondeni, Nakuru, alikuwa fundi cherehani. Kiharusi kilimlegeza upande wa kushoto. Wiki ya kwanza nilimvika shati kwa dakika moja, nikajiona hodari. Yeye alikaa kimya hadi mchana. Siku hizi anavaa mwenyewe, robo saa nzima, na kumngoja hiyo robo saa ndiyo kazi yangu iliyo ngumu kuliko zote.

Akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikanyage sakafu. Mkono mlegevu huingia kwanza, shati lipande hadi begani, lizungushwe mgongoni, ndipo mkono mzima uingie. Kuvua ni kinyume, mzima hutoka kwanza. Usimvute kamwe kwa mkono mlegevu, bega huumia upesi. Mimi hufunga mikono yangu nyuma. Kifungo kikikwama nahesabu hadi ishirini kimoyomoyo, ndipo niulize, "Nikusaidie, mzee?" Akikataa, nangoja tena. Vifungo vya mikononi ndivyo vilivyotushinda, na dawa aliitoa yeye: "Mwanangu, vifumue, tia lastiki." Nikashona, yeye akisimamia. Alinifumulisha mara mbili mpaka mshono ukamridhisha.

Asubuhi za Nakuru zina baridi, na mtu hutaka kukimbilia choo. Hata hivyo akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili. Akiinuka ghafla presha inaweza kushuka, kizunguzungu kikamwangusha.

Bakora hushikwa kwa mkono wa upande mzima. Wengi hukosea hapa, humpa upande mgonjwa wakidhani ndio unaohitaji nguzo. Kuipima, asimame na viatu, mkono uning'inie, kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ncha yake ivishwe mpira. Akitembea, bakora na mguu mgonjwa huenda pamoja, nawe uko upande huo mgonjwa, nyuma kidogo. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Kushuka, bakora na mguu mgonjwa hutangulia.

Mkeka unaoteleza uondoe. Ndala pia, avae viatu vinavyoshika kisigino. Bafuni tumeweka kiti kigumu cha plastiki, na fundi wa kuchomelea akatufungia bomba la chuma ukutani, kwa sababu mzee alikuwa akishika kitundikio cha taulo.

Chai anapika mwenyewe. Mimi huepua sufuria tu. Tangawizi, majani na kuonja ni mamlaka yake. Anywe akiwa ameketi wima. Akianza kukohoa kila anapomeza, apelekwe hospitali, huenda kinywaji kinaingia njia ya hewa.

Zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, ni zake. Mimi huandika anachonituma dukani na kumrudishia chenji mkononi, hata ikiwa shilingi kumi.

Dawa za presha azimeze mwenyewe kwa saa yake, nami jioni nahesabu zilizobaki. Asiziache kwa kuwa anajisikia nafuu.

Ukiona uso umepinda upande mmoja, mkono unaanguka akiuinua, au maneno yanamkwama ghafla, huenda ni kiharusi kingine; usimpe aspirini wala usingoje apumzike. Tafuta gari wakati huohuo, na uandike saa alipoonekana mzima mara ya mwisho, maana daktari ataiuliza.