Seva ya Minecraft bila kumaliza bando

Mkiwa hosteli moja pale Kikoni, Kampala, msinunue bando kubwa kwa ajili ya mchezo wa Minecraft. Jiungeni nyote kwenye hotspoti ya simu moja, mwenye seva (kompyuta inayoendesha mchezo) aandike ipconfig kwenye Command Prompt ya Windows, awape wenzake anwani ya IPv4. Bando huliwa kidogo tu mnapoingia. Seva ikijizima mara ya kwanza, fungua eula.txt, faili la masharti kwenye folda ya seva, badilisha false iwe true.

Rafiki aliye mbali, Gulu, ni habari nyingine. Intaneti ya simu mara nyingi huficha wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo kuhangaika kufungua mlango 25565 (port ambayo Minecraft hutumia) ni kazi bure. Wekeni Tailscale nyote wawili, programu inayounganisha kompyuta zilizo mbali kama ziko mtandao mmoja, umshirikishe kompyuta yako, atumie anwani ya kompyuta hiyo inayoanza na 100. Na umeme wetu mnaujua: andika save-all kwenye dirisha la seva mara kwa mara, ili mchezo uhifadhiwe.