Kujitolea Ujerumani ukitokea Mtwara au Lindi

Mpango wa weltwärts, wa serikali ya Ujerumani kwa vijana wanaojitolea, haupokei kijana anayejiombea peke yake. Wewe unapelekwa na asasi ya Tanzania yenye mshirika Ujerumani, kwa hiyo anza kwa kuitafuta hiyo. Malazi, chakula, bima na posho hugharamiwa na mpango. Anayekudai "hela ya nafasi" ni tapeli, hata akiwa mjomba.

Jasho lote liko kwenye karatasi, na kinachokwamisha wengi ni majina. Linganisha herufi kwa herufi cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule: Saidi na Said ni watu wawili kwa ofisa wa Uhamiaji. Rekebisha kwanza, ndipo uombe pasipoti (shilingi 150,000). Cheti cha kuzaliwa cha mzazi nacho hutakiwa. Kama hana, wakili aandike kiapo.

Kwa viza utakwenda mwenyewe Dar es Salaam, maana alama za vidole haziwakilishwi. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na masika ya 2024 mafuriko yalikata barabara maeneo ya Somanga. Fika siku mbili kabla ya miadi.