Kukusanya majarida ya zamani ya fasihi: anza na Transition, na zijue pini zenye kutu

Ndugu mmoja amerithi boksi la majarida ya zamani na akaniomba mwongozo. Nauweka hapa ili na wengine wafaidike.

1. Chagua jarida moja. Mimi nasema Transition, alilolianzisha Rajat Neogy mjini Kampala mwaka 1961. Namba 1 hadi 37 ndizo za Kampala. Mwaka 1968 serikali ya Obote ilimkamata Neogy pamoja na mbunge Abu Mayanja, jarida likanyamaza mpaka lilipofufuliwa Accra mwaka 1971. Lenga zile za Kampala, na uanze na namba 10 ya 1963, yenye makala ya mhakiki wa Nigeria, Obi Wali, iliyochokoza mjadala wa lugha ya fasihi ya Kiafrika ambao haujaisha hadi leo.

2. Tafuta. Wauza vitabu vya mitumba, na zaidi walimu wastaafu. Nakala yenye muhuri wa maktaba lakini haina alama ya kuondolewa rasmi, usiinunue hata ikiwa bei ya bure.

3. Hesabu kurasa kabla ya kulipa.

4. Toa pini zenye kutu. Hapa ndipo majarida mengi huharibiwa, tena na watu wenye nia njema. Kwa hewa ya Mombasa, Dar au Unguja, pini ya stepla huota kutu, kutu ikala karatasi, na ukurasa wa katikati ukachomoka wenyewe. Usitumie kile kidude chenye meno cha kung'olea pini. Kitaondoka na karatasi. Fungua jarida katikati, ulilaze juu ya meza. Ingiza kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya mguu wa pini, kiwe ngao ya karatasi, kisha inua mguu taratibu kwa ncha ya kisu butu cha mezani mpaka usimame wima. Fanya hivyo kwa mguu wa pili. Sasa geuza jarida, uvute pini kutokea mgongoni. Ikigoma, usilazimishe: kutu imeshikana na karatasi, basi ikate vipande kwa koleo ndogo na utoe kimoja kimoja. Usilowanishe maji kamwe, maana doa la kutu litasambaa. Vumbi la kutu lifagie kwa brashi laini. Mwisho shona kwa uzi wa pamba ukipitia matundu yale yale, bila kutoboa mapya, na fundo libaki ndani, lisikazwe sana. Wapo wanaorudishia pini mpya; mimi sikubali, kwa sababu nayo itaota kutu.

Selotepu isiguse jarida lako. Gundi yake hugeuka kahawia na haitoki. Laminesheni ni mbaya zaidi, kwani hairudi nyuma.

5. Hifadhi. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi, boksi, mbali na ukuta wenye unyevu. Namba na mwaka viandike kwa penseli juu ya bahasha kabla hujatia jarida ndani.